Hatujapungukiwa na Moyo, Tumepungukiwa na Jembe la Kuwapa Watu

"Siku hizi hakuna anayejitolea. Kila mtu anataka posho." Utayasikia maneno haya katika ofisi za mashirika pale Musoma mjini, utayasikia Bunda na Butiama, na utayasikia tena kwenye kikao cha maendeleo ya kata huku Bugwema. Anayeyasema mara nyingi ni mtu mwema aliyechoka: mratibu wa shirika dogo lisilo la kiserikali, ripoti ya mfadhili inamdai, mhasibu hana, wa kumtengenezea kompyuta hana, na wataalamu aliowaomba msaada walikuja mara moja kisha wakapotea. Namhurumia. Lakini anachosema si kweli, na kwa kuwa amekiamini kinamfunga macho asione tatizo lilipo, nalo limo ndani ya ofisi yake mwenyewe.

Nianze na linaloonekana kwa macho. Jimbo la Musoma Vijijini lina kata 21 na vijiji 68. Katika kata hizo, Bugwema ikiwemo na vijiji vyake vinne vya Bugwema, Kinyang'erere, Masinono na Muhoji, majengo ya shule na zahanati yameinuliwa kwa utaratibu unaojulikana na kila mkazi: wanakijiji wanasomba mawe, mchanga, kokoto na maji, wanachimba msingi, halafu serikali, viongozi na wadau wengine wanaongeza saruji, nondo, bati na gharama za fundi. Mama anayepandisha ndoo ya maji hadi kwenye msingi wa darasa hasaini karatasi ya posho. Mzee anayeponda kokoto hapewi fulana. Moyo wa kujitolea ungekuwa umekufa katika Mkoa huu wa Mara, watoto wengi wangekuwa bado wanasomea chini ya miti.

Ukimwonyesha mratibu wetu hayo, hoja inahama. "Hao wanatoa nguvu zao," atasema. "Mimi nazungumzia wasomi. Wahasibu, wahandisi, wauguzi, watu wa kompyuta. Hao ndio hawajitolei bila kulipwa." Sawa. Hapo ndipo tumefika kwenye dai lenyewe, na hilo ndilo ninalolipinga: kwamba mtu mwenye ujuzi hajitolei kwa sababu ameharibiwa na tamaa ya fedha.

Wanaolia hivi hupenda kuturudisha zama za Mwalimu Nyerere, watuambie kwamba wakati ule watu walijitolea bila kuuliza. Tuzirudie basi zama hizo, maana nyumbani kwake ni hapa jirani, Butiama, na kumbukumbu zake tunapaswa kuzijua kuliko wengine. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki ni kama sehemu moja ya kumi. Kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea: walimu wa shule za msingi waliorudi darasani jioni, vijana waliomaliza darasa la saba, na wanakijiji waliojua kusoma wakawafundisha wenzao. Mkoa wa Mara ulikuwemo tangu mwanzo, kwa kuwa mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO kati ya 1968 na 1972, makao yake yakiwa Mwanza, ulikuwa wa mikoa ya Ziwa.

Lakini tazama walivyopokelewa watu hao. Hakuna aliyeambiwa "njoo utusaidie" akaachwa atafute mwenyewe cha kufanya. Mwalimu wa kujitolea alipewa kitabu cha kufundishia kilichoandikwa kwa kazi za watu wa mahali pale: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Alipitishwa kwenye semina. Alionyeshwa darasa lake, siku zake na saa zake. Alikuwa na msimamizi wa kumuuliza akikwama. Mwaka 1975 ulifanywa mtihani wa taifa zima, hivyo akajua kazi yake imefika wapi. Na alipewa posho ndogo ya kila mwezi. Ndiyo, posho. Zama zile zinazosifiwa kwamba hazikuijua posho, zilikuwa na fungu lake, na hakuna aliyesema kwamba fungu hilo limeua moyo wa mtu. Lilimwezesha kununua mafuta ya taa.

Kampeni ya afya kwa redio ya 1973, Mtu ni Afya, ilikwenda kwa mtindo huohuo. Kabla redio haijaanza kutangaza, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa namna ya kuendesha kikundi cha kusikiliza. Kampeni ilikuwa na vitabu, ratiba ya wiki 12 na mwisho unaojulikana. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Tunapokumbuka leo tunakumbuka nyimbo na hamasa, tunaisahau semina ya wale viongozi 75,000. Hamasa ilisimama juu ya semina hiyo.

Na kwa kuwa sitaki kuzipamba zama hizo, niseme pia kilichotokea pale maandalizi yalipozidiwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Walimu hawakutosha, vijana wa darasa la saba wakachukuliwa wafundishe huku wakijifunza ualimu. Waliitika kwa wingi na kwa moyo safi. Lakini ubora wa elimu uliyumba, na malalamiko yake yaliendelea miaka mingi. Watu walikuwepo, nia ilikuwepo. Kilichokosekana ni muda na nguvu ya kuwaandaa na kuwasimamia. Anayetaka kujifunza jambo moja kutoka Musoma kuhusu kazi ya kujitolea, ajifunze hilo.

Kuna jambo jingine linalonikera katika lawama hii, nalo ni kipimo chake cha pande mbili. Wamarekani wa Peace Corps, shirika la serikali yao la watu wa kujitolea, walifika Tanganyika mwaka 1961, miongoni mwa makundi ya kwanza kabisa kutumwa duniani, wakiwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokuja kwa ajili ya barabara. Kwa hiyo, tangu mwanzo wao walikuwa watu wa kujitolea wenye ujuzi. Na tangu mwanzo waliandaliwa: mafunzo kabla ya kazi, lugha, mahali pa kulala, matibabu, fedha za kujikimu kila mwezi, na kifuta jasho wakimaliza ili waanze maisha kwao. VSO, shirika la kujitolea la Uingereza lililoanza 1958, inafanya mambo yanayofanana na hayo. Sijapata kumsikia mtu wa Musoma akisema Wamarekani wamepoteza moyo wa kujitolea kwa sababu wanalipiwa pango. Ila binti wa Masinono aliyesomea uuguzi, akiuliza nauli ya pikipiki kutoka kwao hadi ofisi ya shirika, anaambiwa ana tamaa.

Sasa tuingie ofisini tuone kinachotokea mtu mwenye ujuzi anapobisha hodi. Chukua mhasibu wa benki anayekaa Musoma mjini, mzaliwa wa kijijini, ana Jumamosi mbili kwa mwezi na anataka kuzitumia kwa faida ya kwao. Anapokelewa kwa chai na maneno mazuri. Anatambulishwa kwa kila mtu. Anaambiwa "karibu sana, wewe ni wa kwetu, jisikie nyumbani." Jumamosi ya kwanza anakaa kwenye kiti akisubiri mkurugenzi ambaye amekwenda msibani. Jumamosi ya pili anaombwa apige picha za semina. Ya tatu anaombwa awe mshereheshaji. Vitabu vya fedha, ambavyo ndiyo kazi anayoijua na ambavyo ndivyo vinavyolitesa shirika kila taarifa ya mwaka inapotakiwa na Msajili wa mashirika, haonyeshwi. Akiviulizia, uso wa mtu unabadilika. Jumamosi ya nne haji. Na kwenye kikao kinachofuata mkurugenzi anasema kwa masikitiko ya kweli: mnaona wasomi wetu, hawana moyo.

Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu hili ndilo linalozungukwa kwenye warsha zote nilizohudhuria. Mashirika yetu mengi yanamwogopa mtu mwenye ujuzi. Hayaogopi gharama yake, yanaogopa macho yake. Mhasibu wa kujitolea ataona kwamba stakabadhi za mafuta zimeandikwa kwa mwandiko mmoja. Mhandisi ataona kwamba kisima kilichimbwa pale kwa sababu ni karibu na nyumba ya mjumbe wa kamati. Muuguzi mstaafu ataona kwamba takwimu za kliniki zilijazwa siku moja. Mtu ambaye hategemei mshahara wako huwezi kumnyamazisha kwa mshahara. Ndiyo maana anapewa kamera na kipaza sauti: vitu vya heshima visivyofungua kabati lolote. Shirika lisilotaka kuonwa lisitangaze kwamba linatafuta wataalamu wa kujitolea. Linawapotezea watu Jumamosi zao.

Wengine hawaogopi kitu, ila hawajui wanachotaka, na hawa ndio wengi zaidi. Ukiwauliza wanahitaji nini watajibu "msaada wowote." Mtu mwenye ujuzi hawezi kufanya "wowote." Ujuzi unafanya kazi juu ya kitu kilichopewa mipaka. Bonde la Bugwema limezungumzwa kama shamba la umwagiliaji tangu miaka ya 1970, zama za Mwalimu mwenyewe, na kila awamu imelizungumza upya. Mradi mkubwa ni wa serikali, na mimi sidai kwamba watu wa kujitolea wachimbe mfereji kutoka ziwani. Lakini pembeni ya mradi huo mkubwa zimejaa kazi ndogo ambazo kikundi cha wakulima kinazihitaji mwaka huu. Kukokotoa kama pampu ya mafuta inalipa kwa ekari tano za mahindi na vitunguu, au inamla mkulima. Kuandika katiba ya chama cha wamwagiliaji kinachotambulika chini ya Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013. Kuweka hesabu za chombo cha watumiaji maji wa kijiji ili RUWASA, wakala wa maji vijijini, wakija wakute daftari linalosomeka. Kusoma mkataba wa mkopo kabla kikundi hakijausaini. Kila moja ya kazi hizi inaweza kumalizwa na mtu mmoja mwenye ujuzi ndani ya siku nne au tano, tena nyingine bila hata kukanyaga kijijini. Hizo ndizo kazi za kuandikwa kwenye karatasi.

Na hapa Mara tunao mfano wa kazi zilizopewa mipaka hivyo, mfano ambao dunia inausoma na sisi wenyewe hatuuzungumzi vya kutosha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini amekeketwa. Katika Mkoa wa Mara ilikuwa asilimia 32. Sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu 1998, lakini msichana anayekimbia usiku wa Desemba, msimu wa ukeketaji, haokolewi na kifungu cha sheria. Anaokolewa na gari linalojua njia ya kumfikia. Vijiji vingi vya huku havikuwa kwenye ramani yoyote ambayo dereva angeweza kuifungua. Shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly na lenye nyumba salama Mugumu wilayani Serengeti na nyingine wilayani Butiama, lilikuwa linapigiwa simu na kutajiwa jina la kitongoji tu, halafu msafara unazunguka gizani.

Kazi ya Crowd2Map Tanzania, iliyoanza 2015, ilijibu shida hiyo. Maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao hawajawahi kufika Afrika, walikaa kwenye kompyuta zao wakichora barabara, njia na mamilioni ya majengo kutoka kwenye picha za setilaiti, katika ramani huria ya OpenStreetMap. Usidhani walifanikiwa kwa sababu wana mioyo kuliko sisi. Walifanikiwa kwa sababu kazi ilikatwa. Eneo liligawanywa vipande vidogo vya mraba. Mtu mwenye saa moja alichukua kipande kimoja, akakimaliza, akakiweka alama, na mwingine mzoefu akakikagua. Kulikuwa na maelekezo ya kufuata na mtu wa kujibu maswali. Ukiwa na saa moja, una kazi ya saa moja. Ukiwa na mwezi, una kazi ya mwezi.

Lakini picha ya setilaiti inaonyesha paa, haionyeshi jina. Mchoraji aliyeko London anaona nyumba hamsini na njia mbili, hajui panaitwaje, hajui zahanati ni ipi na duka ni lipi. Hayo yaliongezwa na watu wa vijijini wenyewe kwa simu zao za mkononi: walimu, wahudumu wa afya, vijana waliofundishwa programu rahisi ya ramani kisha wakatembea wakiandika majina. Hapo ndipo ramani ikawa ramani. Ujuzi wa kujua kwamba kitongoji hiki kinaitwa hivi na njia ile haipitiki masika, huo nao ni ujuzi, tena ndio uliokuwa adimu zaidi. Dar es Salaam waliliona hilo mapema: Tandale ilichorwa 2011 na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakishirikiana na wakazi, na mradi wa Ramani Huria ukaendeleza mtindo huo kuanzia 2015 kwa ajili ya mafuriko. Wanafunzi wa Kitanzania hao, si wageni. Walipewa kazi ya fani yao, wakaifanya.

Nimeurefusha mfano huu kwa sababu unavunja imani ya pili inayotembea pamoja na ile ya kwanza: kwamba mtaalamu ni yule atokaye mbali. Mashirika yetu yanaandika barua Ulaya kuomba mtaalamu wa mifugo, na mita mia tatu kutoka ofisini anaishi bwana mifugo mstaafu aliyezunguka Majita na Bugwema miaka thelathini, anajua ugonjwa gani unaingia mwezi gani, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Walimu wakuu wastaafu, wauguzi wastaafu, mafundi mitambo waliorudi kutoka viwanda vya pamba na meli za ziwani, wote tunakutana nao kwenye misiba na harusi, tunawapa viti vya mbele, na hapo tunaishia. Heshima ya kiti cha mbele ni nzuri. Wengi wao wangependa pia kuombwa kazi.

Najua pingamizi zitakazokuja, na nyingine zina uzito. Ya kwanza ni kwamba shirika dogo halina fedha ya nauli na chakula. Mimi nasema kama huna fedha ya nauli, huna mtu wa kujitolea, una mtu unayemtoza. Kazi ya kujitolea haina mshahara, lakini ina gharama, na gharama hiyo ni ya mwenyeji. Wazee wetu walilijua hilo bila warsha. Wakurya na majirani zao wa Mara wanaijua risaga, kazi ya kuitana ambapo mwenye shamba anaomba majirani waje kulima au kuvuna. Aliyeita alipika. Alitengeneza pombe siku kadhaa kabla. Alijua wanaanzia wapi na wanaishia wapi, na ilipofika zamu ya jirani naye alikwenda. Hakuna aliyesema majirani wamekuja kwa ajili ya chungu cha pombe, lakini pia hakuna aliyethubutu kuita watu shambani bila chungu. Bajeti ya shirika inayoombewa mfadhili shilingi milioni kumi za warsha ya hotelini haiwezi kukosa laki mbili za nauli za mhasibu wa Jumamosi. Kinachokosekana ni mstari wake kwenye karatasi.

Pingamizi ya pili ni ya kisheria, na waratibu wengi hunong'onezana juu yake: ukimzoesha mtu ofisini, kesho atakushtaki akidai ni mwajiriwa. Hofu hiyo ina msingi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo ikiwa, miongoni mwa vigezo vyake, amekufanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Lakini isome vizuri sheria hiyo uone inamlinda nani. Inamlinda yule mhitimu wa chuo ambaye tumemweka ofisini kuanzia saa mbili hadi saa kumi, siku tano kwa wiki, mwaka wa pili sasa, bila barua, bila tarehe ya mwisho, kwa ahadi kwamba "nafasi ikitoka tutakukumbuka." Hapo sheria iko sahihi na sisi tuna makosa. Huyo ni mfanyakazi asiyelipwa, hata tukimwita mtu wa kujitolea. Shuleni hali ni hiyohiyo: walimu wahitimu wanaofundisha vipindi vyote kwa kujitolea huku wakingoja ajira za serikali wanabeba mzigo wa mshahara ambao haupo. Kila anayewatumia ana wajibu wa kuwapa angalau barua inayosema kazi ni ipi, inaisha lini, na watapewa ushahidi gani wa walichofanya. Mhasibu wa Jumamosi mbili kwa mwezi hakaribii saa 45. Kazi yenye mipaka inamlinda yeye na inalilinda shirika.

Ya tatu ndiyo ninayoikubali bila kubishana: si kila anayebisha afunguliwe. Shirika lenye nyumba salama ya wasichana haliwezi kumpa mgeni orodha ya majina eti kwa sababu anajua kompyuta. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, mtoto aliyekimbia kisu hapaswi kufuatwa kupitia daftari letu. Muulize mtu anatoka wapi na nani anamfahamu, mpe kazi isiyogusa majina kwanza, muone anavyotunza siri ndogo kabla ya kumpa kubwa. Lakini kuchuja ni sehemu ya kupokea. Wanaotumia usalama wa watoto kama sababu ya kuwafungia wahasibu mlango wa vitabu vya fedha wanajua wanachofanya.

Kinachotakiwa kufanywa ni kidogo, ingawa kinahitaji mtu wa kukisimamia. Shirika liandike nusu ukurasa kwa kila kazi: tatizo ni hili, mwisho wake uonekane hivi, inahitaji siku ngapi, vifaa vipi vipo, nani atalipa nauli. Litaje mtu mmoja, kwa jina, atakayempokea mgeni, ambaye kumpokea huko kumeandikwa kwenye majukumu yake, hata kama ni katibu muhtasi. Mkurugenzi akiwa msibani, kazi isisimame. Siku ya kwanza mgeni aonyeshwe ukweli wote wa jambo alilokuja kulitengeneza, hata aibu zake, na apewe ruhusa ya kusema "hapa mmekosea" mbele ya kamati. Mwenye ujuzi anayeombwa kunyamaza atakwenda kunyamazia kwake. Kazi ikiisha aambiwe imeisha, apewe barua inayoeleza alichofanya, na baada ya miezi sita mtu amtumie ujumbe kumweleza kile alichotengeneza kinaendeleaje. Hili la mwisho karibu hakuna anayelifanya, na kwa maoni yangu ndilo linalomrudisha mtu kuliko posho yoyote.

Mwalimu, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962, aliitumia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuwaelekezea wageni wavivu methali hiyo. Mimi naiona inamwagiza mwenyeji zaidi kuliko mgeni. Yeye ndiye anayetakiwa kuwa na jembe, awe na shamba la kuonyesha, na asingoje siku ya kumi.

Desemba inakuja. Kila Desemba watoto wa Bugwema wanarudi nyumbani kutoka Mwanza, Dar es Salaam, Arusha, Dodoma: walimu, wahasibu, wanasheria, madaktari wa mifugo, mafundi umeme, vijana wa programu za kompyuta. Wanakaa wiki mbili, wanakula samaki, wanakwenda kanisani, na mara nyingi wanakutana na kijiji mara moja tu, kwenye harambee ya saruji. Wanatoa mifuko yao, wanapigiwa makofi, wanaondoka na ujuzi wao wote kama walivyokuja nao. Serikali za vijiji vinne vya kata hii, chama cha wamwagiliaji, kamati za zahanati, bodi za shule na kila shirika linalojitangaza kufanya kazi huku, waandike kila mmoja nusu kurasa tatu mwezi Septemba. Zipelekwe mwezi Oktoba kwa wenyewe kwa simu, kila kazi kwa mtu wa fani yake, na siku ya kuanza itajwe: tarehe 27 Desemba, saa tatu asubuhi, ofisi ya kata, vitabu vikiwa mezani na kabati likiwa wazi.